Mlango wa Msaji Kwenye Banda la Makuti

Jumamosi, 21 Agosti 1909

Somo yangu, leo nimetukanwa bila kutukanwa! Mzee Idarus kapita hapa mabandani kualika watu harusi ya bintiye Badria, Ijumaa hii. Mimi niko kwa kinyozi! Narudi, jirani yangu Taha, mshona kofia, aniuliza kama nimepata habari. Nikamjibu, ah, mimi nnayo tangu juzi. Uongo. Sikualikwa. Miezi miwili niko Kibokoni, nalala bandani nikingoja chumba changu kipakwe chokaa, na bado mimi ni "yule kijana wa Takaungu." Mji mzima utakula pilau, mimi ninuse? Haiwezekani!

Jumapili, 22 Agosti

Sababu nimeipata. Mlango! Banda langu lina mkeka umening'inia. Mtu mzima atapiga hodi kwenye mkeka? Nimemweleza Bi Mwanatumu, mpika mahamri wa banda la tatu. Kacheka mpaka mwiko ukamtumbukia mafutani. Akasema, mwanangu, nani amekwambia watu hualikwa kwa mbao? Maskini, hajui dunia.

Jumatatu, 23 Agosti

Ushindi! Mtaa wa Ndia Kuu kuna nyumba inabomolewa, mlango wake umelazwa uani. Mbao za msaji mtupu, umechorwa maua, misumari ya shaba kama vikombe. Nikamwomba Kalama, mlinzi wa pale. Akasema mwenyewe hautaki, niuondoe hata leo, amechoka kuuruka. Mzito! Hamali wanne, mkokoteni mmoja, na mimi mbele: simila, simila, tupisheni! Watu wakasimama barazani. Taha akauliza nyumba yenyewe inakuja lini. Kijicho tu.

Jumatano, 25 Agosti

Mlango umesimama. Umelipita paa kwa shubiri tatu. Nimeufunga kwa kamba za makumbi kwenye nguzo za banda. Kufunguka, haufunguki vyema, basi naingia kwa nyuma, napenya makuti. Hakuna ajuaye. (Bi Mwanatumu ajua. Aniita Bwana Mkubwa wa Nyuma.) Nimekaa ndani kutwa nikimngoja Mzee Idarus. Joto! Sitoki ng'o.

Alhamisi, 26 Agosti

Kaja! Asubuhi, bakora mkononi. Hodi ya kwanza nikanyamaza. Mwenye mlango kama huu hakimbilii. Ya pili, nikakohoa. Ya tatu nikaitika karibu, sauti nzito, nikavuta komeo.

Mlango ukaja. Wote. Nguzo nazo zikaja. Kitanda kikaupokea mlango, mimi nikaruka kando, paa likanifunika. Nilimsikia Bi Mwanatumu akipiga yowe, na Taha akipiga kelele vuteni mguu, sio huo, huo ni wa kitanda!

Wakanitoa, nina nundu. Mzee Idarus akanipangusa vumbi, akauliza mbona sionekani. Kwake wananingoja tangu jana, mimi na Taha tumepangiwa kubeba masufuria. Na mwaliko? Akashangaa. Jumamosi alisimama pale uani, akapiga hodi moja ya mabanda yote! Taha akadakia: lakini huyu si aliniambia anayo habari tangu juzi?

Wote wakanitazama. Nikasema kichwa chaniuma.

Jumapili, 29 Agosti

Harusi imepita. Nimebeba masufuria kumi na moja. Nimekula sinia moja na Taha, kanisogezea nyama. Barazani sasa waniita Jaffar, jina langu hasa! Na leo mabandani hakuna aliyekwenda kazini, wote wananijengea upya. Mzee Idarus kaleta boriti mbili. Bi Mwanatumu akasema, waona mwanangu, watu ulikuwa nao zamani.

Nikamstahi tu. Eti hodi moja ya mabanda yote! Adabu tu ile, mzee ananifichia aibu. Mimi ukweli naujua. Bila mlango ule, nani angekuja kunifukua?

Basi nimewaambia waache nafasi kwa juu. Nataka roshani. Taha kaweka nyundo chini, kakaa juu ya boriti. Bi Mwanatumu kajishika kichwa. Mzee Idarus aliuliza, kwa upole, nitaipandia wapi. Mambo madogo hayo! Kalama aniambia iko Ndia Kuu, ina nakshi, mbao zote nzima, na mwenyewe haitaki. Roshani nzima, somo, imelala bure juani! Wewe ungeiacha?