Mikia ya Kushoto

Jumatatu, 7 Machi 1983. Shinyanga

Imepotea nusu ya ulimwengu. Ilipotea siku ya kwanza kabisa, sekunde ya kwanza, na hakuna aliyekwenda kuripoti. Ndivyo anavyosema Dokta Kalisti, mwanafizikia aliyetupa kazi: kila chembe ya maada iliumbwa na pacha wake wa kinyume, idadi sawa kwa sawa. Maada ndiyo sisi. Mapacha hawajulikani walipo.

Leo mimi, Stanslaus Masele, darasa la nne tu na akili yangu mwenyewe, nimethibitisha kwamba kweli hawapo. Kwa namba!

Kazi yenyewe ni hii. Mikanda ya picha za njia za chembe inatoka maabara ya Ulaya. Tunaimulika juu ya meza nyeupe, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya pamba, tukitafuta chembe iitwayo chamu. Inazaliwa, inapasuka kabla hujapepesa jicho, inaacha panda, alama ya mikia miwili kama manati. Picha mia tano, panda moja. Mkia mrefu wa panda ukipinda kulia, ni maada. Kushoto, ni pacha. Mkia usioonekana mwisho wake hauhesabiwi, unaandika X.

Wasomaji tuko wawili, mimi na Melania. Tunasoma mikanda ile ile, kila mtu kivyake. Nafasi ya kudumu ni moja. Dokta ataamua Jumamosi. Nikiikosa, narudi Nyarugusu kuchimba dhahabu, miaka arobaini na minane, goti bovu.

Hesabu yangu, mikanda sita, wiki tano: kulia 25, kushoto 3, X 21. Ishirini na tano kwa tatu! Dunia nzima itashika kichwa.

Sitamwambia mtu.

Jumanne, 8 Machi

Nimemwambia mke wangu, Mama Justa. Akauliza kama hao mapacha wanalipiwa. Nikamwambia ni heshima. Akaendelea kuchambua mchele.

Nimeiona hesabu ya Melania (alikwenda chooni). Kulia 25. Kushoto 24. Jumla 49! Mimi jumla 28. Jicho langu liliona punje ya dhahabu ndani ya karai la matope kwa miaka kumi na miwili. Yeye alikuwa anafundisha kushona. Jibu ni moja: anapika hesabu. Anajua Dokta anapenda ilingane, basi anailinganisha.

Afadhali nina kadibodi. Melania anakaa kushoto kwangu na shingo yake ni ndefu. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza nimesimamisha upande huo boksi la sabuni (sabuni yenyewe madukani haipo, boksi lipo). Ukingo wake unaingia kidogo juu ya picha. Si neno. Nyarugusu ukiona kitu kinang'aa, kwanza unafunika, ndipo unafurahi.

Nimempelekea Dokta hesabu yangu ndani ya bahasha. Akaisoma mara mbili. Akauliza kwa upole mbona X ni nyingi. Nikasema ni ubora wa picha. Akasema kesho tubadilishane viti, mimi na Melania. Huo ndio uchunguzi wenyewe: ameanza kumshuku!

Jumatano, 9 Machi

Tumebadilishana. Sasa Melania yuko kulia kwangu. Amenisalimia kwa Kisukuma, Mwadila, Baba Justa, kwa sauti ya mtu asiye na dhambi. Nikaitikia kwa shingo upande, nikahamishia boksi kulia.

Akauliza kama kuna mgonjwa humo ndani. Nikamwambia aangalie ya kwake. Akasema ya kwake anayaona, yangu ndiyo yamewekewa pazia kama harusi.

Jioni: kushoto 2. Kulia sifuri.

Nimehesabu upya mara mbili.

Alhamisi, 10 Machi

Kushoto moja tena. Kulia hakuna. X mbili. Mayu wane, mama yangu! Wiki tano maada imejaa tele, siku mbili imekwisha kabisa. Nimekagua taa. Nimepangusa vumbi la pamba kwenye lenzi. Nimegeuza kiti. Hakuna.

Nimekaa na kuwaza. Kilichobadilika ni kimoja tu: Melania alipo. Akikaa kushoto, mikia ya kushoto inapotea. Akikaa kulia, inapotea ya kulia. Sisemi zaidi. Lakini huyu mwanamke anafanya kitu.

Mama Justa amepaka mafuta mpini wa sururu yangu ya mgodini. Anasema anausafisha tu. Miaka sita hakuusafisha.

Ijumaa, 11 Machi

Kushoto 4 kwa siku tatu. Kulia sifuri. X tatu. Nimeandika barua ya mashtaka, kurasa mbili, dhidi ya Melania, kwa kupunguza ulimwengu. Nimeiweka mezani kwa Dokta na kuifunika kwa sahani.

Sikula.

Jumamosi, 12 Machi

Dokta amekuja saa tatu. Akanipa shikamoo nzuri kabisa, akiinama. Nikajua nimekwisha.

Hakugusa hesabu. Alikuja mezani kwangu, akashika boksi la sabuni kwa vidole viwili, akalinyanyua. Chini yake, juu ya meza nyeupe, mkia wa kulia umelala wote, mrefu, safi, hadi mwisho wake. Panda niliyokuwa nimeiandikia X dakika hiyo hiyo.

Kisha Dokta akaomba kalamu. Akaandika mbele yangu: kushoto 3, jumlisha X 21. Ishirini na nne. Sawasawa na Melania. Mimi ninayejulikana kwa hesabu, kumi na nne mara saba kichwani kabla hujamaliza kuuliza, na sikujumlisha ishirini na moja na tatu.

Akasema, bila kucheka, kwamba nusu ya ulimwengu huenda imepotea, lakini hii ya Shinyanga ilikuwa chini ya boksi langu.

Melania ndiye aliyecheka. Akasema pole, Baba Justa, kumbe mapacha walikuwa kwako wanaogeshwa. Dokta akampa barua ya kazi. Melania akashukuru, wabeja, mara tatu. Mimi Dokta aliniambia atafikiri kama kuna haja ya msomaji wa pili, na kwamba jicho langu si bovu. Jicho!

Nimerudi kwa miguu. Goti limeuma njia nzima. Sururu iko mlangoni, inang'aa.

Jumatatu, 14 Machi

Siku mbili sijatoka nje. Nimekaa ndani nimefikiri kosa langu, kwa haki, bila kujipendelea. Nimelipata. Kosa lilikuwa kuziba upande mmoja.

Nimemwandikia Dokta Kalisti hivi:

“Ndugu Daktari. Kuhusu nafasi ya msomaji wa pili. X zote ishirini na moja nilizipata mimi. Aliyezifunika na aliyeziona ni mtu yule yule. Nina familia, na Nyarugusu goti halinipeleki tena. Niko tayari kurudi kwa sharti moja: nipewe meza yenye mbao mbili ndefu, moja kushoto na moja kulia, zenye upana mmoja, ili hesabu yangu ilingane zaidi kuliko ya Melania na yeye asione kitu. Sitaki kuambiwa njoo kesho. Nijibu ndiyo au hapana, kwa maandishi, kabla ya Ijumaa saa nne kamili asubuhi.”