Kisiwa cha Okochi

Okochi wa Dabani aligundua kisiwa chake akiwa Tororo, maili nyingi kutoka ziwani. Siku hiyo Bwana Mkubwa wa bohari ya pamba alikuwa anakwenda livu, yaani likizo yake, huko pwani, na makarani wawili, Ebong na Mangeni, walibaki wamesimama mlangoni wakitazama masanduku ya mzungu yakipakiwa garini. Okochi hakuyatazama masanduku. Aliwatazama makarani, akaona midomo imewabaki wazi.

“Nyinyi kwani si watu wa ofisi?” aliwauliza kwa huruma. “Mimi niko na kisiwa. Mbele ya Majanji, kule ziwani. Jua, upepo, mchanga, na mpishi anayejua kuchemsha yai bila kulipasua.”

“Vitanda iko?” akauliza Ebong, mtu wa Teso asiyependa kudanganywa upesi.

“Vya chuma! Nyinyi leta blanketi na vitu vyenu vizuri tu. Mtu wa livu halali uchi.”

Basi Jumamosi wakafika Majanji na blanketi mpya, suti mbili, mbuzi mmoja na gramafoni ya Mangeni. Okochi aliwaeleza taratibu za livu: mizigo hutangulia, ili vitanda vitandikwe, wageni hufuata na mtumbwi wa pili. Huo mtumbwi wa pili haukuwepo, sawasawa na kisiwa. Wa kwanza ungemshusha Okochi upande wa Kenya, mahali ambapo hakuna aliyemjua wala aliyemdai maelezo.

Ndani ya mtumbwi huo, pamoja na mizigo, alipakia pia baiskeli yake. Ndiyo mali pekee aliyoipata kihalali maishani, na aliipenda kuliko alivyompenda mkewe Amulen, aliyemwacha Dabani na sufuria moja na habari zote za safari hii. Hapo ndipo alipokosea, maana Okochi hakuweza kupanga jambo bila kujisifu nyumbani.

Kosa la pili lilikuwa hotuba. Angepanda tu, angekuwa ameshaondoka. Lakini makarani walikuwa wamevua kofia, naye akaona ni haki yao kuagwa kwa maneno mazito. Alipomaliza akageuka ili apande mtumbwi. Juu ya blanketi, miguu imenyooshwa hadi kwenye baiskeli, alikuwa ameketi mama yake Amulen, Akiteng, mchuuzi wa samaki.

Okochi alijifunika uso kwa kofia, akatumbukia kwenye matete. Kwa mila za huko, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe, hamsogelei, sembuse kukaa naye goti kwa goti ndani ya mtumbwi! Mtu huyu alikuwa amewaibia mapadri na mahakimu, lakini hilo hakuliweza.

“Okochi, kuja!” aliita Oguttu, mwenye mtumbwi. “Mama nasema nafasi iko!”

“Mwambie mama ashuke kidogo tu!” yalijibu matete.

Akiteng alisema akilitazama ziwa, kwa adabu kamili. “Oguttu, mwambie huyo nisiyemwona, baiskeli nimempokelea mwanangu. Akiitaka, aje nyumbani kwangu ng'ambo ya ghuba, aingie ndani aichukue. Mlango sifungi. Na hawa makarani waje wachukue vitu vyao, samaki nitawapikia.”

Mtumbwi ukaondoka. Ebong, ambaye naye alikuwa na mama mkwe, alicheka mpaka akakaa chini.

Makarani walilala siku tatu kwa Akiteng, wakala samaki, mbuzi wakamwacha kwa hiari, wakarudi Tororo wakiapa kwamba kisiwa ni kizuri na vitanda ni vya chuma. Wangesema nini kingine? Mwezi haukuisha, makarani wengine sita wakaja Dabani na blanketi zao, wakimbembeleza Okochi awapeleke.

Alisafisha koo. Alikuwa ameshafika kwenye habari za yai la kuchemsha, kengele ya baiskeli ilipolia barabarani. Aliijua kengele ile kama sauti yake mwenyewe. Amulen alikuwa anakanyaga pedali, na mama yake amekaa nyuma kwenye keria.

Okochi akaiacha sentensi katikati, akakimbilia kichakani.