Landrova Yangu na Baragumu la Msaragambo

Jumatatu, 5 Agosti 1957. Mbaga.

Wiki hii Esta atajua kwamba hakuolewa na mjinga.

Jana baada ya ibada mke wangu alinitolea hukumu. Jumamosi Bwana Mkaguzi wa magari atakuwa Same. Akilikataa gari langu, halirudi tena uani. Litakwenda kwa Iddi, mfua sufuria wa sokoni, akalikate. Nilimwambia hili si gari tu, ni Landrova. Akasema anajua, maana kwa miaka miwili limekaa pale anapoanikia mahindi.

Iddi mwenyewe amepanda leo kutoka Same. Bila haya! Amelizunguka akigonga bodi kwa kidole. Amesema bati ni jepesi, halishiki kutu, litatoa sufuria ishirini na nane pamoja na vifuniko. Amesema hayo mbele yangu, na mbele ya gari. Nimemnyima kiti.

Mimi Melkizedeki ni seremala. Mabenchi ya kanisani ni kazi ya mikono yangu, na hakuna hata moja lililowahi kumwangusha mtu, ila lile la nyuma. Gari na benchi ni ndugu. Anayejua kiungo kimoja anajua vyote. Hili nililipata kwenye mnada wa serikali, na linavuta kwa magurudumu yote manne. Kwa sasa yanavuta mawili, moja kwa hiari yake. Nalipenda, nasema wazi. Nikipata kibali cha kupakia abiria, watu wa Mbaga hawatateremka tena Same kwa miguu, nami nitaitwa Bwana Melkizedeki, si "yule wa gari bovu".

Shemeji yangu Tumainieli, mdogo wake Esta, ni fundi wa gereji huko Same. Ameleta salamu kwamba yuko tayari kuja kunisaidia bure. Bure! Ili nikifaulu aseme ni yeye. Nimejibu kwa heshima kwamba mafundi ninao wa kutosha. Nipo mimi.

Jumanne, 6 Agosti.

Rejeta inavuja. Mzee mmoja wa Hedaru aliwahi kuniambia kwamba yai likitiwa kwenye maji ya moto ya rejeta huiva na kuziba tundu. Nimetia sita, na la saba la akiba. Halivuji hata tone! Joto linapanda kidogo, lakini kwa baridi hii ya Agosti nani atalalamika? Esta ameuliza mayai yake yamekwenda wapi. Nimesingizia kicheche. Ameuliza kama kicheche ndiye anayenuka yai la kuchemsha chini ya boneti. Nimefunga boneti, nilikuwa na kazi.

Mchana nimeshughulikia giaboksi, ambayo ilikuwa inasaga kama kinu kibovu. Nimechukua unga wa mbao, mvule safi, nikauchekecha kwa chekeche la Esta, nikatia vikombe vinne ndani ya oili. Nimeliwasha. Kimya! Kimya cha kanisani pale wanapoomba michango. Tumainieli anatumia spea kwa sababu hana akili za kutumia.

Jumatano, 7 Agosti.

Honi imekufa, na inasemekana Bwana Mkaguzi huanza na honi. Nimeliwaza jambo hilo tangu asubuhi. Saa tisa wazo likaja lenyewe.

Mzee Nathanaeli, mpiga mbiu wetu, ana pembe ya zamani ya tandala. Ndilo baragumu lililowaita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tangu enzi za baba yake. Liliingia ufa, siku hizi anapiga jipya. Nimekwenda kwake, nikatoa shikamoo ndefu, nikaomba niuzibe huo ufa. Akafurahi sana. Na kweli nimeuziba, kwa nta. Litakaa wapi baada ya hapo hakuniuliza, nami sikuona sababu ya kumchosha.

Nimelifunga kwenye bomba la moshi. Kuna kizibo cha mti, na kamba inayofika kwenye usukani. Ukiivuta, moshi wote unapita kwenye pembe. Nimelijaribu jua linazama. Lo! Kuku wamepanda juu ya nyumba. Kwa furaha nimelipiga mara tatu, mara zote kwa kirefu, na sauti imevuka bonde ikarudi.

Esta amesimama mlangoni akinitazama, mikono kiunoni. Nadhani ameanza kuniheshimu.

Alhamisi, 8 Agosti.

Saa kumi na mbili asubuhi nimekuta watu themanini uani kwangu. Majembe, sururu, mitaimbo. Kumbe! Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na kila mtoto wa Upare anajua kwamba baragumu likilia mara tatu jioni, kesho yake kila nyumba itoe mtu wa kazi, na asiyetoka atatozwa faini. Sauti ilitokea kwangu, basi wamekuja kwangu. Wakauliza kazi ni ipi.

Mwoga angeungama. Mimi nimepanda juu ya boneti nikasema kazi ni barabara, kuanzia uani hapa mpaka njia kuu. Wamechimba mpaka saa tano huku wakiimba. Barabara imetoka nzuri ajabu! Nimeisimamia mwenyewe, mikono nyuma.

Saa tano akafika Mzee Nathanaeli. Alikuwa amezunguka kijiji kizima akimtafuta aliyewaita watu wake. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya msaragambo wa ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, ambalo limejaa tope. Sasa watu wamechoka, na hakuna atakayetoka siku mbili mfululizo. Akainama, akachungulia chini ya gari, akaiona pembe ya baba yake imechomekwa kwenye bomba la moshi. Akainuka taratibu, ameshika kiuno. Nilitamani ardhi inimeze, kidogo tu.

"Baragumu ni la watu wote, Melkizedeki," akasema. "Umelipiga kwa ajili ya tumbo lako, basi tope la ndiva utalitoa kwa mgongo wako."

Wazee wakakubali hapo hapo. Tope lote, peke yangu, kuanzia Jumatatu. Pembe nayo ilikataa kutoka, maana nta iliyeyuka ikaganda upya. Nimepewa mpaka Jumapili niitoe bila kuivunja. Jumapili! Mkaguzi ni Jumamosi. Wazee wetu wana hekima, lakini kalenda hawaiwezi.

Ijumaa, 9 Agosti.

Leo ni zamu ya breki. Nimekata katambuga zangu za zamani, zile ndala za tairi, nikazifunga ndani kwa misumari. Tairi lizuiwe na tairi, ni haki kabisa.

Tumainieli amepanda kwa miguu kutoka Same, hajaalikwa. Amelala chini ya gari kitambo, akatoka akiwa amebadilika rangi. Amenisihi nisiteremke nalo. Atatafuta breki za kweli, tuombe tukaguliwe mwezi ujao. Nimemwambia wivu ni ugonjwa. Alikunywa chai yake akaondoka. Esta amemsindikiza mbali sana, wakiongea Chasu, lugha yetu Wapare, kwa sauti ya chini.

Jumamosi, 10 Agosti. Same.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kreti sokoni. Nieleze kwa utaratibu.

Kushuka mlima kulikwenda vizuri kabisa. Giaboksi ilikuwa imeganda kwenye gia ya kwanza, kwa hiyo sikuhitaji breki. Kwenye kila kona nilipiga honi, ndivyo sheria isemavyo. Kila kijiji nilichopita watu walitoka wakanipungia. Niliona wameshika majembe, nikadhani wanakwenda shambani.

Kijiji cha mwisho kabla ya Same, rejeta ikachemka ikatapika vipande vyeupe. Kabla injini haijazimika nikawahi kuvuta kamba, kuomba msaada kiungwana. Watu wakatoka mashambani. Na kutoka juu wakaja mbio wale wa kwenye kona zote, wakihema, wakiuliza msaragambo uko wapi. Nikawaambia uko hapa, msaragambo ni kusukuma. Walikuwa zaidi ya sitini. Hakuna aliyekubali kuacha jembe lake njiani, wakayaweka begani. Nikakanyaga klachi, wakaanza kusukuma na kuimba.

Sasa, Same haijasahau mwaka 1945, watu wa milimani walipoteremka kwa maelfu kuikataa kodi ya mbiru wakakaa hapo mjini. Leo askari wa boma wameona vumbi, wamesikia nyimbo za Kipare, na majembe yanang'aa juani. Wakafunga lango. Bunduki zikatolewa. Mzungu mmoja alionekana dirishani, halafu hakuonekana tena. Mimi nilikuwa mbele ya wote, nimeshika usukani, nawasalimu.

Mbele ya boma kuna mteremko mdogo. Nikakanyaga breki. Katambuga zikatoka. Lango likafunguka lenyewe.

Gari lilisimama katikati ya bustani ya maua. Tumainieli, ambaye alikuwa kwenye foleni ya ukaguzi humo bomani na gari la gereji, akakimbilia kati yangu na askari, mikono juu, akipiga kelele kwamba hii si fujo, huyu ni shemeji yake tu. Bunduki zikashushwa. Askari mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nimeaibika, na aliyeniaibisha ni Tumainieli.

Bwana Mkaguzi akaja na karatasi yake. Alitoa kipande cha yai kwenye rejeta kwa ncha ya penseli, akakitazama. Alijaza upande wa mbele, akageuza. Mwisho akaniuliza gari hili limeundwa na nani. Nikamwambia sehemu kubwa ni mimi. Akasema, "Basi wewe ndiye utakayelizika."

Limekataliwa. Nimeegemea mlango wake nikalia. Si kidogo, nimelia sana. Iddi alikuwa amesimama nje ya uzio na mkasi wake wa bati, na hata yeye aliangalia pembeni.

Alhamisi, 15 Agosti. Mbaga.

Siku ya nne ndani ya tope la ndiva. Limenifika magotini, na mgongo ni wa kuazima. Pembe nimeirudisha, nyeusi kama sufuria ya shughuli. Mzee Nathanaeli hupita jioni akatazama kazi. Jana ameniachia muwa.

Iddi amevua bodi yote, akamletea Esta sufuria nane kwa ajili ya ukarimu wake. Chasisi na injini hakuzitaka, chuma kizito hakifuliki. Tumainieli amezivuta mpaka hapa kwa gari la gereji, kwa barabara yangu mpya. Akaosha rejeta, akamwaga oili yenye unga, akafunga breki za kweli. Sikumwomba. Leo nimekaa juu ya ubao nikaliwasha, nikapanda nalo mpaka kanisani na kurudi bila kusimama!

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Wiki nzima nahangaika na rejeta, giaboksi, honi, kumbe ugonjwa ulikuwa bodi. Bati! Mimi seremala nilikuwa natembelea bati! Litajengwa la mbao, na mwezi ujao Bwana Mkaguzi atalitambua kwa kulisikia harufu ya vanishi.

Esta amekwenda kwa dada yake huko Gonja mpaka Jumapili. Kabla ya kuondoka alizipanga sufuria zake mpya ndani ya kabati la mninga, lile nililomtengenezea tulipooana, akasimama akilitazama, akaniambia, "Baba Eliaichi, angalau hili ulilitengeneza vizuri."

Ni kweli. Milango yake ni imara mno. Nimezishusha sufuria sakafuni, taratibu, nikaipima. Kwa Landrova imezidi nusu inchi tu kila upande. Msumeno nimeshaunoa.