Kinyozi na Kitabu Chenye Jalada Jekundu

Jumatatu, 3 Machi
Chama chetu cha wasomaji kimetangaza mwezi wa hadithi za kisayansi. Roboti, vyombo vya anga, watu wanaorudi jana. Jumamosi ya mwisho kila mwanachama atasimulia kitabu kimoja. Atakayetia fora ndiye mwenyekiti mpya. Shemeji yangu mfamasia, kaka wa mke wangu, kasema mbele ya watu kwamba kitabu kirefu zaidi nilichowahi kumaliza ni maelezo ya chupa ya mafuta ya nywele. Wamecheka! Mke wangu naye kacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Uenyekiti nautaka. Kule chamani ndiko pekee ninakoitwa msomi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeazima vitabu vitatu. Mkutubi kasema kimoja kingetosha. Nikamwambia mimi si mtu wa kimoja. Nitasimulia chenye jalada jekundu, viwili ni vya kuringia. Nimekianza baada ya chakula. Nimeamka shavu limegandana na ukurasa wa nne.

Jumamosi, 8 Machi
Wazo! Wateja wangu hukaa kwenye benchi wakisubiri zamu, macho kwenye simu. Kwa nini wasinisomee? Nimewaagiza wote wasome chekundu. Anayepanda kwenye kiti ananisimulia alipofikia, wa benchini anaendelea. Mimi kazi yangu ni masikio tu. Nimejipongeza kwa soda.

Jumanne, 11 Machi
Nywele zinaingia vitabuni. Mkutubi ni mkali. Nimevivika vyote vitatu magazeti ya zamani, sasa viko nadhifu kabisa. Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Ijumaa, 21 Machi
Kumbe hadithi ni nzito! Dereva wa lori kanisimulia mji ulio chini ya barafu, kwenye sayari ya mbali. Fundi bomba kasema roboti anamuuguza bibi kizee. Mwalimu wa hesabu kasema bwana mmoja amerudi miaka ya nyuma kuzuia harusi yake mwenyewe. Haya yote kitabu kimoja! Nimeyaunga kichwani: bibi anaishi chini ya barafu, bwana harusi kakimbilia kwake, roboti kafunga mlango.

Hasara ndogo. Fundi bomba aligeuka kunionyesha roboti anavyotembea, mashine ikamfyeka juu ya sikio. Ikabidi kipara. Bure, bila shaka.

Jumamosi, 29 Machi
Siku yenyewe. Shemeji alisimulia kama anasoma cheti cha daktari, watu wakapiga miayo. Nikasimama mimi. Roboti alipofunga mlango, mama mmoja alishika kifua. Makofi. Nilishaanza kukiangalia kiti cha mwenyekiti.

Shemeji akanyoosha mkono. Akauliza ni kitabu gani. Nikasema chekundu. Akasema naye amekisoma hicho hicho, maktaba inazo nakala mbili. Mji wa barafu umo. Bibi hayumo, harusi haimo, na roboti hayumo hata mmoja. Nikamjibu labda karuka kurasa. Akakitoa mkobani, kikazungushwa mkono kwa mkono.

Mkutubi, naye mwanachama, akadai vitabu vyake nilivyokuja navyo. Akayavua magazeti, kimoja, kingine, cha tatu. Kila kimoja hadithi yake: barafu, roboti, harusi. Nywele zikamwagika mezani. Akauliza ni za nani. Fundi bomba, aliyekuja kunishangilia, akapapasa kipara chake.

Shemeji ndiye mwenyekiti. Mimi sikufukuzwa, mke wangu kaniombea. Ila ni msikilizaji tu, benchi la nyuma, bila ruhusa ya kusema. Hakuna aliyeniita msomi wakati wa kuagana. Nimeumia. Nimeumia kweli.

Nyumbani mke wangu kasema hadithi yangu ilikuwa tamu kuliko zote, na akaniuliza bwana harusi alitoka vipi mle barafuni. Nikazima taa.

Jumapili, 30 Machi
Nimetafakari kutwa nzima. Kosa langu nimelipata: benchi! Mtu wa benchini zamu ikifika anakiacha kitabu njiani, anayemfuata anaokota chochote. Lakini mteja wa kupaka rangi nywele? Hukaa kitako, plastiki kichwani, hawezi hata kutoka nje. Huyo atamaliza kitabu chote peke yake. Mwezi ujao chama kinasoma historia. Nimeagiza rangi katoni nzima.