Gambuti kwenye Ukurasa wa Kanisa

Jumatano, 6 Agosti 2025

Baraza la kanisa limenipa ukurasa wetu wa Facebook! Mimi, Omanga, muuza gambuti, mabuti ya mpira, wa Migori mjini! Kwa majaribio tu, lakini. Jumapili wataamua kama nitaushika mpaka yaishe makambi, ile mikutano yetu mikubwa ya kila mwaka. Nikifaulu, nitakuwa mbele kabisa na kamera, karibu na mimbari. Nikiharibu, narudi kupanga viti. Nimepanga viti vya kutosha maishani.

Mchungaji Onchiri anataka posti moja kila Sabato asubuhi: picha ya kwaya na fungu la Biblia. Wenzetu wa Oyugis wanafanya hivyo, nasi tusiachwe nyuma. Bathsheba, kiongozi wa vijana, akasimama. Akasema kushika simu siku ya Sabato ni kazi kama kazi nyingine, na kwamba yake huizima Ijumaa jua likitua. Anautaka ukurasa huo, namjua. Nikajibu kwamba nitaandika Ijumaa, halafu simu itatuma yenyewe nikiwa kanisani. Simu haijabatizwa. Wazee wakacheka. Bathsheba hakucheka.

Ijumaa, 8 Agosti

Wazo! Kama simu inaweza kulitumikia kanisa siku ya Sabato, kwa nini isilitumikie na duka? Kila Jumamosi, siku ya Sabato, mimi nimefunga, na wachimba dhahabu wa Masara wananunua gambuti kwa jirani yangu Abdikarim. Yeye Ijumaa hufunga akaenda msikitini, akarudi alasiri akafungua. Mimi nafunga siku nzima! Haki iko wapi?

Basi nimepanga posti mbili zijitume kesho asubuhi. Kwaya na Zaburi, ukurasa wa kanisa. Na kwenye ukurasa wa duka: "Wachimba dhahabu, miguu yenu ni mali! Jumapili ofa ya gambuti. Mwoneni Omanga." Mke wangu Beverlyne alikuwa akiniita, jua linatua, tuifungue Sabato. Nikabonyeza haraka haraka. Simu nikaizima sauti, nikaifungia kabatini. Wimbo wa kwanza niliuimba kwa sauti kubwa kuliko watoto wote.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwisha!

Tulipotoka kanisani mchana, Abdikarim akanipungia mkono kutoka dukani kwake. "Omanga, kumbe kanisa yenu inauza gambuti siku hizi?" Nilidhani ni utani wake wa kawaida. Akanionyesha simu. Jina la kanisa juu, gambuti chini! Na Zaburi? Iko kwenye ukurasa wa duka, kwaya nzima imesimama chini ya bei zangu.

Nikakimbia nyumbani. Beverlyne akajiweka mbele ya kabati. Sabato ni Sabato, akasema. Nikamweleza kwamba kufuta si kazi, ni toba. Hakusogea hata kidogo. Nikatoka nje kulingoja jua. Mawingu! Utajuaje jua limetua kama hulioni? Nilizunguka ua roho mkononi, nikaviona akilini vile viti vya kanisa vikinisubiri.

Hatimaye Beverlyne akaridhika kwamba limetua. Nikafuta papo hapo. Lakini kabla ya kufuta niliona majina. Bathsheba ameweka sura ya hasira. Mchungaji ameweka kidole gumba. Mzee Omosa, mzee wa kwanza wa kanisa, ameuliza kama kuna saizi tisa. Wote wameona! Kwaheri kamera.

Jumapili, 10 Agosti

Baraza. Hata kabla ya kukaa vizuri, Bathsheba akasimama. Akasema jana ukurasa wa kanisa ulitiwa aibu, ukageuzwa soko. Kwa kutapatapa tu, ili nipate nafasi ya kufikiri, nikamuuliza dada huyo aliiona ile posti saa ngapi.

Akaanza kutaja saa. Kisha akajitia kutafuta Biblia mkobani.

Ndipo nami nikaelewa! Posti niliifuta jua lilipotua. Aliyeiona, aliiona ndani ya Sabato, tena simu mkononi. Na yeye simu yake huizima Ijumaa! Nyani haoni kundule. Nikauliza, kwa upole sana, kama kuna mwingine aliyeiona. Mchungaji akaangalia dari. Mzee Omosa akaangalia viatu vyake. Bathsheba akasema labda aliambiwa na watu, akaketi. Mchungaji akakohoa, akasema Omanga aendelee na ukurasa, nasi twende kwenye ajenda inayofuata.

Ukurasa ni wangu mpaka makambi yaishe! Nilipotoka nje nilivuta pumzi mpaka kifua kikauma. Ningeweza kumkumbatia kila mtu barabarani, hata Bathsheba.

Jumatatu, 11 Agosti

Gambuti zinatoka kweli. Mzee Omosa amechukua jozi, akaomba bei ya ofa. Sikumuuliza habari za ofa alizipata wapi.

Jioni akaja Bathsheba. Nikajua ni vita. Kumbe! Akatazama nyuma, akashusha sauti. Ana saluni pale sokoni, na Jumamosi wateja wote wanaenda kwingine. Akauliza kama simu yangu inaweza kutuma na tangazo lake la wigi Sabato ijayo. Kwenye ukurasa wa duka langu tu, watu wa kanisa wasijue. Alirudia mara kadhaa kwamba lisije likapotea njia.

Nimemwambia aondoe shaka. Posti tatu, simu moja. Ni kazi ya dakika mbili, nitaifanya Ijumaa jua likikaribia kutua.