Zulia la Kware wa Makole

Jumatatu, 9 Juni 2025

Penina, mke wangu, ametoa hukumu. Mama yake anakuja Jumamosi kutoka Gulwe. Kufikia siku hiyo kware wangu wawe wametaga na nyumba isinuke, la sivyo wao ndio kitoweo cha mgeni. Nikamweleza kuwa hawa ni ndege wa nyumbani, wana majina. Akasema majina hayazuii kukaangwa.

Shida ni sakafu. Nimewatandikia magazeti kwenye banda lao, humu chumba cha stoo, nao wanateleza. Bi Harusi, jike ninayempenda kuliko wote, leo amepiga msamba juu ya ukurasa wa michezo. Jirani yangu Hashimu, mtu wa Kondoa, alichungulia akasema kware anayeteleza huharibika miguu, na mwenye wasiwasi hatagi. Niwatandikie maranda ya seremala, kama afanyavyo yeye. Kware wake wanataga kila asubuhi, na kila asubuhi anatuma picha za mayai kwenye kundi la wafugaji. Sitaki maranda. Nataka kumshinda.

Jumanne, 10 Juni

Kwa Octavian seremala. Marundo mawili: maranda, na unga wa mbao. Maranda ni mambo ya Hashimu. Nikachukua unga, laini, unapendeza.

Kware walifurahi mno. Wakaoga. Kware akioga hujitupa ubavu, akachimba, akarusha kila kitu nyuma. Joho la kwaya la Penina lilikuwa limetundikwa chumba hicho hicho. Jana lilikuwa jeupe. Isitoshe, Bi Harusi ameanza kuula unga. Nimeutupa wote. Penina alikaa kunoa kisu. Kisu cha mboga, lakini alikuwa ananitazama mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Bahi, kwa bodaboda ya Abeli. Kule wamevuna mpunga, maganda ni ya bure. Nikajaza gunia hadi mdomoni. Gunia lilikuwa na tundu, na upepo wa Juni unajulikana. Njiani Abeli akasema pikipiki inazidi kuwa nyepesi. Nikamwambia ni kwa sababu tunakaribia nyumbani.

Nimefika na gunia na aibu. Konzi chache zilizobaki zilikuwa mbichi, na jioni hii zinanuka kama pombe ya juzi.

Nimekaa karibu na banda. Bi Harusi amekuja kujilaza kiganjani mwangu. Nampenda huyu ndege. Siwezi kumla, wala siwezi kukaa mezani akiliwa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata! Zulia la sebuleni. Penina alizawadiwa na wanakwaya wenzake, analipenda sana, lakini chini ya kochi kubwa hakuna anayepaona. Nimekata kipande sawasawa na banda. Halitelezi, halipeperuki, haliliwi.

Hashimu akaleta mfuko wa maranda, wala sikumwomba. Kumkatalia jirani usoni ni utovu wa adabu. Nikayamwaga bandani na kuyafunika kwa zulia ili yasionekane.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe amefika. Nimemwamkia shikamoo kwa mbali, kama inavyonipasa. Ni mtu wa heshima za zamani, hakai kochi moja na mkwe wake. Akaomba atandikiwe mkeka na kochi lisogezwe, apate kunyoosha miguu.

Nikasema kochi ni zito. Nikasema lina mguu mbovu. Nikakaa juu yake. Penina alilisukuma nikiwa nimekaa.

Shimo lilionekana, mraba mzuri kabisa. Penina alilipima kwa macho. Alikwenda moja kwa moja bandani, akakinyanyua kipande cha zulia. Chini yake, katikati ya maranda, yai. La madoadoa, na bado lina joto. Bi Harusi alikuwa amejipenyeza humo mwenyewe.

Mama mkwe alicheka hadi akasahau kwamba hanitazami. Akasema ndege aliyempokea kwa yai hatamla. Penina akakubali wabaki, ila kuhusu mimi bado anafikiria. Tumekula maharage. Sijawahi kula maharage matamu kama yale.

Jumapili, 15 Juni

Mayai mengine asubuhi hii! Yote chini ya zulia, ndani ya maranda. Nimetuma picha kwenye kundi. Hashimu amekuja mwenyewe kuona, akasema si unaona sasa, maranda. Nimemwonea huruma. Maranda yapo mji mzima, lakini zulia liko kwangu tu.

Kwa hiyo napanua banda. Penina na mama yake wako kanisani. Kabati la vyombo halijasogezwa tangu tuhamie Makole, na zulia la chini yake bado ni zima. Kipande kimetoka vizuri kuliko cha kwanza.

Mama mkwe ameahidi kuwa mchana atamsaidia binti yake kufanya usafi wa nyumba nzima. Vizuri sana. Watu wenye kazi nyingi hivyo hawatapata muda wa kusogeza kabati.