Imethibitishwa na Mkutubi

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu ni mkutubi wa maktaba ya umma. Nimeliandika hili mwanzo kabisa, ili hata karatasi ijue inaandikwa na mama wa nani.

Leo karudi kazini amenuna. Chakula kakizungusha sahanini kama anatafuta pete. Nikambana mpaka akasema. Mkuu wa maktaba, yule tunayemwita Bwana Miwani, anataka kuiondoa meza ya maswali. Meza ya binti yangu! Pale ndipo anapokaa, watu wanamletea maswali, naye anawafundisha kutafuta majibu na kuyapima kama ni ya kweli. Bwana Miwani anadai siku hizi watu wanaziuliza simu zao, meza inakaliwa na vumbi tu. Wakubwa watakuja wiki ijayo kuamua. Meza ikiondoka, mtoto wangu ataenda stoo ya chini, kugundisha vitabu vilivyochanika.

Stoo! Na Mama Daktari asikie?

Mama Daktari ni jirani, mlango kwa mlango. Mwanawe ni daktari, na mama huyo hajawahi kukusalimu bila kukukumbusha. Ukimwambia mvua inanyesha, atakwambia mwanangu daktari alishasema.

Baba watoto kasema tuwaachie wenyewe kazi yao. Ndivyo alivyo. Nyumba ikiwaka atasema tuuachie moto.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa. Shida ni kwamba watu hawaendi maktaba. Basi wataenda!

Tuna kundi letu la akina mama kwenye simu. Wateja wangu wote wa sabuni wamo. Leo wifi yangu kanitumia ujumbe: serikali inagawa mitungi ya gesi bure. Haukusema wapi. Nikaongeza: kwa wenye kadi ya maktaba. Kisha chini kabisa nikaweka mhuri wangu: Imethibitishwa na mkutubi.

Si uongo. Nilimuuliza binti yangu kupitia mlango wa bafu kama serikali huwa inagawa vitu. Akasema huwa, kwani vipi? Basi! Uthibitisho gani zaidi?

Kundi zima likaniombea baraka. Mama Daktari kimya. Kimya chake kitamu kuliko asali.

Alhamisi, 7 Machi

Foleni mpaka getini! Nilipita na ndoo yangu ya sabuni nijionee. Watu wamekuja na mikokoteni ya kubebea mitungi. Binti yangu kasimama juu ya kiti, sauti imemkauka, anawaambia hakuna mtungi, hajathibitisha kitu. Mmoja akamjibu kwamba mitungi keshawagawia ndugu zake, ndiyo maana anakana. Mwingine akamuuliza kama anawaona wao wajinga. Kioo cha dirisha moja kimevunjika.

Wengine walipoondoka, aliyebaki ni Fundi peke yake, rafiki yangu wa cherehani. Huyu ndiye aliyemshonea binti yangu sare tangu anaanza shule. Ana presha siku nyingi, foleni ilimchosha, lakini alikataa kuondoka. Akasema mtoto wetu akipanda juu ya kiti kwa ajili yetu, hatuwezi kumgeuzia mgongo. Akachukua kadi. Roho ya dhahabu.

Jioni binti yangu kasema leo hakufanya kazi yake hata kidogo. Kutwa kukana. Zamani, anasema, mtu alikuja hajui, akaondoka anajua. Leo wamekuja wanajua tayari, na wamekasirika. Halafu akanieleza maswali matatu anayofundisha kila habari iulizwe: Nani kasema? Kajuaje? Anafaidika nini? Nikamwambia maswali mazuri hayo mwanangu, umerithi akili yangu.

La muhimu: Bwana Miwani alionekana akiwahesabu watu, tena anatabasamu. Mpango unafanya kazi!

Ijumaa, 8 Machi

Mama Daktari kaibuka. Kaandika kundini kwamba mwanawe daktari anawakumbusha wenye presha wasiache vidonge hata siku moja. Wote wakamshukuru. Hata wifi! Nani alimuuliza?

Sikulala usingizi wa mchana. Nikapekua simu mpaka nikaupata ujumbe wa zamani wa wifi. Majani ya mparachichi. Chemsha, kunywa jagi zima kila siku, presha kwisha, vidonge tupa. Una picha ya jani na picha ya moyo unaocheka. Ujumbe wenye picha mbili!

Nilitaka kumuuliza binti yangu, nikamkuta kajilaza kachoka. Sikumwamsha, mimi si mama katili. Isitoshe, juzi nilimwona na kitabu chenye jani kwenye jalada.

Imethibitishwa na mkutubi. Nikatuma.

Wa kwanza kujibu ni Fundi. Kasema Mungu atubariki mimi na binti yangu, vidonge vilikuwa vinamchosha tumbo. Mama Daktari akaandika mstari mmoja tu, kwamba jamani muwe waangalifu. Wivu huo.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi kaanguka.

Walimkuta kalalia cherehani yake, mguu mmoja bado uko kwenye pedali. Aliyempeleka hospitali ni Mama Daktari, kwa gari la mwanawe. Na aliyempokea ni huyo huyo mwanawe.

Nimetoka kumwona. Mdomo umevutika upande. Mkono wa kulia haushiki. Nimempa kidole changu akishike, kikadondoka. Mkono wa fundi ule.

Daktari akamuuliza taratibu kwa nini aliacha vidonge. Akajibu, kwa taabu, kwamba mkutubi alithibitisha. Wote mle chumbani wakanigeukia mimi. Miaka yote napenda kugeukiwa nikiitwa mama wa mkutubi. Leo nilitazama ukuta.

Nimerudi nikakoroga sabuni. Imekataa kutoa povu.

Jumanne, 12 Machi

Bwana Miwani kamwita binti yangu. Kamuuliza kama ni kweli kathibitisha. Akakana. Akamwambia basi atafute aliyelitumia jina lake, wakubwa wanakuja Ijumaa.

Akaamua kufanya kama anavyofundisha: kuufuata ujumbe kinyumenyume, mtu kwa mtu. Ulipata kwa nani? Nawe ulipata kwa nani? Jua lilikuwa kali, nikamfuata na mwavuli nimkinge. Ningemwachaje mwanangu apigwe na jua?

Uone anavyojua kazi! Hagombi, hamtishi mtu. Anaomba simu kwa heshima, anatazama, anashukuru, twende nyumba ya pili. Muuza mkaa kaupata kwa msusi. Msusi kaupata kwa mkwewe. Kila mlango niliwaambia: mnamwona? Ndiye huyo, wa kwangu. Nilijivuna hadi nikasahau tunamtafuta nani.

Nilikumbuka tulipofika mlangoni kwetu.

Kasimama. Kanitazama. Kanyoosha mkono, kaomba simu. Nikamwambia imeisha chaji. Papo hapo ikalia! Wifi huyo, anataka kujua kama nimeupata ujumbe wake wa tangawizi na macho.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Kaketi kizingitini, kaniuliza kwa nini sikuandika imethibitishwa na mama. Nikamweleza ukweli, kwamba ya mama nani angeamini? Akasema ndiyo hivyo. Watu hawawezi kupima kila kitu wao wenyewe, kwa hiyo wanaliamini jina. Jina lake pale mezani ndiyo kazi yake yote, hana nyingine. Na mimi nimeligawa kama sampuli za sabuni.

Sampuli zangu hazijawahi kumdhuru mtu. Sikusema hivyo. Nimeandika tu.

Alhamisi, 14 Machi

Kuna njia! Bwana Miwani mwenyewe kaitoa. Kamnong'oneza binti yangu kwamba kesho aseme chanzo hakijulikani. Ujumbe wa simu, nani ajuaye ulikotoka? Yataisha. Na kwa vile foleni ya mitungi imejaza takwimu zake, meza itabaki.

Nikapiga vigelegele jikoni. Binti yangu akasema hapana.

Nikamsihi. Nikamkumbusha stoo, vumbi, kifua chake cha utotoni. Akaniuliza atawezaje kuwafundisha watu waulize nani kasema, halafu yeye akiulizwa, na jibu analo, aseme hajui. Nikamwambia ni mara moja tu. Akasema hata Fundi alikunywa mara chache tu.

Nikamgeukia baba watoto anisaidie. Huyu mtu maisha yake yote hajawahi kuwa na upande. Leo kapata upande. Si wangu. Kaniambia ninyamaze, kisha kamtilia binti yake chai.

Ijumaa, 15 Machi

Nilienda. Nilivaa gauni la kitenge alilonishonea Fundi, nikakaa nyuma kabisa.

Wakubwa watatu, suti tatu. Binti yangu kasimama kanyooka. Akawasimulia kila hatua, bila kumsingizia mtu, bila kupamba. Mwisho wakamuuliza chanzo. Akasema: Chanzo ni mama yangu mzazi, na amekaa pale nyuma.

Ukumbi mzima ukageuka. Mungu anisamehe, nikapunga mkono.

Wakubwa wakamshukuru kwa ukweli wake. Walimsifu sana, sentensi ndefu ndefu. Halafu wakaiondoa meza. Wakasema maktaba haiwezi kubeba hatari ya watu kudhani mkutubi anathibitisha mambo. Eti kuanzia sasa litawekwa bango: Maswali ya habari hayapokelewi. Kwa hiyo aliyekuwa anawafundisha watu kupima habari ndiye kaondolewa, na habari zenyewe zimebaki. Hata mimi niliyeishia njiani shuleni nimeona hapo kuna kitu hakijakaa sawa.

Wanaume wawili wakaibeba meza. Mguu mmoja ukanasa mlangoni. Binti yangu akaenda, akawaonyesha jinsi ya kuilaza upande ili ipite.

Jumapili, 17 Machi

Jana ilikuwa siku yake ya kwanza stoo. Karudi ananuka gundi. Asubuhi kanipa shikamoo, usiku kanitakia usiku mwema. Katikati, hakuna. Adabu yote ipo. Maneno ndiyo hayapo.

Alikwenda kumjulia hali Fundi, ambaye sasa yuko nyumbani. Dada yake Fundi hakumfungulia. Alimwambia dirishani kwamba mkutubi hatakanyaga mle ndani. Akarudi na machungwa yake.

Leo nikavizia dada ametoka, nikaingia mimi. Fundi kanichekea kwa nusu ya mdomo. Cherehani imefunikwa shuka. Kanishika kwa mkono wa kushoto, kaniambia nisijilaumu, majani hayana kosa. Kosa ni lake, hakuwa analimaliza jagi.

Nilitoka mwepesi kama unyoya!

Njiani nikamkuta Mama Daktari. Kanipa pole. Pole! Kaniuliza kwa upole kama ni kweli binti yangu yuko stoo. Macho yake yalilowa kabisa, na hilo ndilo sikuweza kulivumilia. Nikamwambia stoo ipi tena? Mbona amepandishwa cheo?

Sasa, mtu ukishasema jambo mbele ya jirani, lazima lisimame. Nimeketi na simu yangu. Nimeandika: Habari za uhakika. Meza ya maswali inarudi kesho Jumatatu, kubwa kuliko ya kwanza. Njooni wote na maswali yenu.

Watu wakijaa, Bwana Miwani atafanyaje? Si ataitoa tu hiyo meza?

Na safari hii sikukurupuka. Nimeyauliza maswali yote matatu ya mwanangu kabla ya kutuma. Nani kasema? Mimi. Kajuaje? Mama asijue ya mwanawe, nani ajue? Anafaidika nini? Hakuna, ni mapenzi matupu. Ujumbe umefaulu yote!

Imethibitishwa na mkutubi. Nimetuma.

Wa kwanza kujibu ni Fundi. Kaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimepishana, lakini nimesoma. Kesho atakuja, hata kwa kubebwa. Dada yake hataki mkutubi aingie nyumbani, ila maktaba ni ya wote. Ana swali moja tu la kuuliza pale mezani: arudie vidonge, au amalizie jagi.